Watoto watatu wa tumbo moja, kila mmoja anaonyesha akili kivyake. Wazoefu wa dalili hizi njooni

BintiKisasa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wa Dodoma, mbukwenyi.

Mimi ni mtumishi, nilihamia huku Dodoma na wizara, sasa hivi ni mkazi wa mtaa wa Kisasa. Nina watoto watatu, na ukoo wetu umeshawagawia akili kila mmoja na fungu lake. Nataka kusikia watu wa nje wanasemaje.

Wa kwanza ni binti, ana miaka minane, darasa la tatu. Huyu alisoma kabla ya kufundishwa. Akiwa na miaka minne alikuwa anasoma majina ya daladala, bei kwenye vibao pale soko la Majengo, na meseji zangu (ndipo nilipoanza kuweka namba ya siri kwenye simu). Darasani hatoki nafasi za juu. Shangazi zake wanamwita Profesa. Shule imeniambia wanataka kumrusha darasa, aingie la nne sasa hivi.

Wa pili ni mvulana, miaka sita, darasa la kwanza. Mkimya. Herufi zinampiga chenga, daftari lake ukilifungua unaweza kulia. Lakini mtoto huyu anaokota waya, vizibo vya soda na ndala zilizokatika anaunda gari lenye usukani unaokata kona kweli. Alifungua redio ya bibi yake akairudishia na ikaongea. Tukipanda bajaji kwenda Nkuhungu mara moja tu, safari inayofuata anamwambia dereva kuwa amezunguka. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti kwamba ni "mzito kuelewa".

Wa mwisho binti, miaka minne. Anaigiza watu. Tukitoka ibadani anarudia mahubiri kwa sauti ya mchungaji, na kikohozi chake humo humo. Ana rafiki asiyeonekana anaitwa Chausiku, na mezani lazima Chausiku apate sahani. Wimbo akiusikia mara moja ameushika, halafu anatafuta sauti ya pili mwenyewe. Usiku anaamka kuuliza bibi akifa atakula nini huko aendako.

Sasa maswali. Je, hawa wote watatu wana kitu, au ni mmoja tu na wengine ni mapenzi ya mama? Huyu wa kati nimfanye nini? Na huyo mkubwa, nikubali arushwe?

Kijana wa Mpwapwa

Dada, siku hizi hakuna mtoto wa kawaida Tanzania nzima. Kila nyumba ina Profesa. Mimi nilifungua redio ya mzee mwaka 1994, haikuongea tena, na mimi pia sikuongea kwa muda maana nilichapwa. Hakuna aliyesema nina kipaji.

Mkubwa arushwe, wa kati mpeleke chuo cha ufundi, VETA, akifika umri, wa mwisho atakuwa mchekeshaji. Uzi ufungwe.

Nesi wa Zamu

Hahaha Mpwapwa acha vurugu.

BintiKisasa, kabla ya yote nakuuliza jambo moja kuhusu huyo wa kati: masikio yake yamewahi kupimwa? Na macho? Mtoto mkimya, anayekosea herufi, lakini akishika kitu kwa mikono anakielewa haraka, mimi naanzia hapo. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara, au maji yaliyobaki ndani ya sikio baada ya mafua, linaweza kumfanya mtoto asikie nusu ya maneno ya mwalimu. Ukimkalisha nyuma kwenye darasa la watoto wengi, ripoti itaandikwa "mzito".

Nenda pale General, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kliniki ya masikio, pua na koo, halafu ya macho. Usisubiri akue.

Mwalimu Chaki

Nimefundisha shule za msingi Kondoa, Bahi na mwishoni hapa mjini mpaka nikastaafu. Naomba nivute kiti, nitaandika kirefu.

Binti yangu, kwanza achana na hilo neno "akili" kwa muda. Sisi walimu, nasema sisi maana nami nimo, tunamtambua haraka mtoto wa aina moja tu: anayesoma mapema, anayejibu akiulizwa, anayeandika vizuri, anayetulia. Huyo ndiye binti yako mkubwa. Anaweza kuwa na kipaji kweli, na anaweza kuwa mwepesi tu wa kushika aliyepata nyumba yenye vitabu. Tofauti haionekani kwenye nafasi ya darasani. Inaonekana kwenye maswali. Mtoto mwepesi anajua jibu. Mwenye kipaji mara nyingi anakuharibia swali. Nilikuwa na mtoto Bahi, nimeuliza darasa maembe matano ukitoa mawili yanabaki mangapi, akauliza, "Mwalimu, yaliyotolewa yamekwenda wapi? Maana kama yako ndani ya nyumba bado ni matano." Wenzake walicheka. Mimi nilimwandika kwenye kijitabu changu.

Mnaikumbuka habari ya Erasto Mpemba? Mwaka 1963, kidato cha tatu, sekondari ya Magamba kule Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyopoa. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza hadi ikawa mzaha wa darasa, mwalimu anasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipofika Mkwawa, Iringa, akatembelewa na Dr. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akamuuliza lile lile mbele ya wenzake, wakamzomea. Osborne yeye alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo dunia nzima wanasayansi wanabishana kuhusu jambo lenye jina la Mtanzania. Sasa niambieni, katika ripoti ya muhula wa mwaka ule, yule kijana angeandikiwa nini?

Kwa watoto wadogo mimi siangalii daftari peke yake. Nawaangalia wakicheza. Kwenye kombolela, nani anabuni maficho ambayo hayajawahi kutumika? Kwenye mdako, nani anabadilisha kanuni mchezo ukiwa rahisi kwake, na wenzake wakamfuata? Kwenye rede nani anajua mpira utakwenda wapi kabla haujarushwa? Kule Bahi kuna watoto wa kuchunga ambao jioni mbuzi wakiingia zizini hawahesabu, wanatazama tu kisha wanasema fulani hayupo, yule mwenye sikio lililopasuka. Mtoto huyo huyo darasani ukimpa ishirini na tatu jumlisha kumi na tisa anatazama dari. Ana hesabu, ila haiko kwenye karatasi.

Kijana wako wa waya ni wa kundi hilo. Ushauri wa nesi ufuate kwanza.

Kijana wa Mpwapwa

Mwalimu shikamoo. Hilo la maembe limenikamata, ningekuwa mimi ningepigwa na ruler.

Lakini nabisha. Kila mtoto wa kijijini anaunda gari la waya. Mimi niliunda, jirani aliunda, kijiji kizima tuliunda. Wote tulikuwa na vipaji?

Mwalimu Chaki

Marahaba. La kwako lilikuwa linakata kona?

Kijana wa Mpwapwa

Lilikuwa linakata tairi mwalimu.

Mchimwaga

Habari wadau. Nasoma saikolojia ya elimu hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nimechungulia uzi huu nikashindwa kupita.

Swali la Mpwapwa kuhusu waya ni zuri kuliko anavyodhani, maana kuna mtu aliwahi kulipima. Mwaka 1979 mtafiti Robert Serpell alitoa matokeo ya watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwapa kazi ile ile ya kunakili maumbo, lakini kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Manchester walishinda. Kwa waya, watoto wa Lusaka walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Maana yake ni kwamba kifaa unachompimia mtoto kinaamua nani ataonekana hodari. Watoto wa Lusaka walikuwa wamezoea kuunda vitu vya waya mtaani, ndiyo maana, Mpwapwa, si kila gari la waya ni kipaji. Unachoangalia ni umbali: mtoto amefika wapi ukimlinganisha na wenzake waliookota waya ule ule, umri ule ule. Usukani unaokata kona kwa mtoto wa miaka sita, mimi ningekaa chini nikautazama.

Kingine, hiki ni cha hapa nchini. Robert Sternberg na wenzake walifanya utafiti kwa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo, ukachapishwa 2002. Waliwapa mtihani wa kufikiri, wakawafundisha kidogo jinsi ya kukabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Waliofundishwa walipanda, na mpangilio ukabadilika: aliyekuwa chini mara ya kwanza hakuwa lazima chini mara ya pili. Kumpima mtoto mara moja kunakuonyesha alichokutana nacho huko nyuma. Ukitaka kujua kipaji, mfundishe kitu kipya kabisa kisha uone anakimbia nacho kwa kasi gani.

BintiKisasa

Mchimwaga asante. Sasa mbona watu wanasema ndugu wa tumbo moja lazima wawe sawa? Mama mkwe anasema kama mkubwa ni Profesa na huyu siyo, basi huyu amechukua upande wa kwetu.

Mchimwaga

Hahaha, mama mkwe apewe heshima yake lakini hapana.

Ndugu wanafanana kwa wastani kuliko watu baki, hilo kweli, na ndiyo sababu mtoto mmoja akionyesha kipaji inafaa kuwatazama wadogo zake kwa makini zaidi. Lakini kufanana si kulingana. Na kuna jambo limeandikwa tangu 1976, na mtafiti anaitwa Frances Schachter: ndugu wanaofuatana, hasa wa kwanza na wa pili, huwa wanajitofautisha. Mdogo akikuta kiti cha msomaji kina mtu, anatafuta kiti kingine. Si kwamba anakaa chini apange, inatokea tu. Kwa hiyo wa pili asiposoma mapema kama dada yake, hiyo peke yake haikuambii chochote kuhusu uwezo wake. Pengine ameona huko hakuna sifa iliyobaki ya kuchukua.

Pia ndani ya mtoto mmoja vitu haviendi pamoja. Mtoto wa miaka minne anauliza habari za kifo kama mtu mzima, lakini hofu anayoipata baada ya jibu ni ya miaka minne, na vidole vyake bado vinashindwa kufunga kifungo. Huyo wako wa mwisho ndivyo alivyo. Akiuliza usiku, jibu fupi la kweli linamtosha, ukimpa mahubiri hatalala.

Zeze la Babu

Mbukwenyi wose.

Mnaongea waya na karatasi, mimi naja na masikio. Mtoto wa miaka minne anayetafuta sauti ya pili mwenyewe, hapa kwetu Ugogo tunamjua. Uimbaji wa Kigogo una sauti zinazopishana na kuingiliana, mmoja anaanza, mwingine anajibu juu au chini yake, na mtoto anakulia humo mgongoni kwa mama akipiga ngoma ya muheme. Wengi wanafuata sauti ya mbele. Anayekwenda pembeni kutafuta sauti yake bila kufundishwa ni mmoja mmoja.

Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, Mgogo wa hapa hapa, aliibeba ilimba (ile ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya. Hakuna mtihani wa taifa ambao ungemgundua.

Ushauri wa bure: usimkimbize kwenye mashindano ya vipaji ya watoto, yale ya kuvalishwa mataji. Mtafutie wazee wanaopiga, akae tu hapo. Chamwino na Mvumi wapo. Ukiona anaacha kucheza na wenzake ili asikilize, na anarudi nyumbani anapiga sufuria kwa mapigo yale yale, umepata jibu lako. Akikimbilia kucheza pia siyo vibaya, ana miaka minne.

Baba Wanne

Mimi nina wanne, wakubwa sasa. Niko Ipagala. Wa kwanza wangu alikwenda Msalato, kwa hiyo hii hadithi ya Profesa ndani ya nyumba naijua.

Nataka kusema kitu ambacho hakijasemwa. Shule za vipaji maalum tulizonazo, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Tabora zile mbili, Msalato yetu hapa, ni shule nzuri na nazishukuru. Lakini mlango wake ni mmoja: matokeo ya mtihani wa kumaliza msingi. Neno kipaji limeandikwa kwenye kibao, ila anayepita ni yule wa karatasi. Mtoto wa waya hapiti pale, wa sauti ya pili hapiti. Kwa hiyo tusikae tukisubiri serikali ituonyeshe nani ana kipaji, mfumo wenyewe umejengwa kumwona mmoja kati ya watatu wa BintiKisasa.

La pili ni hayo majina. Wa kwanza akiitwa Profesa kila Jumapili mbele ya wenzake, wa pili anasikia jina lake pia, hata kama halijatamkwa. Kwangu ndugu zake walimaliza miaka kadhaa hawataki kushika kitabu mbele ya dada yao. Walikuwa wanasoma chooni! Sikujua mpaka walipokuwa watu wazima wakaniambia wakicheka.

Hao shangazi waambie kwa adabu, "Ana jina lake."

Mchimwaga

Baba Wanne, hilo lina utafiti pia. Mwaka 1983 Dewey Cornell alichunguza familia ambazo mtoto mmoja amepewa rasmi jina la mwenye kipaji, akakuta ndugu zake wasio na jina hilo hawakuwa na utulivu kama watoto wa familia nyingine. Mwaka 1987 Colangelo na Brower wakaangalia familia miaka kadhaa baada ya jina kutolewa, na wakakuta ndugu wamelimeza, limepita. Mwenye kusumbuka aliyebaki ni yule mwenye jina: ndiye hakuwa na hakika familia yake inamwonaje.

Kwa hiyo BintiKisasa usimsahau Profesa mwenyewe. Wengi wanaangalia wa kati.

Kijana wa Mpwapwa

Sasa wasomi, kwa nini asiwapeleke wote watatu wakapimwe IQ, kile kipimo cha akili cha namba, yaishe? Si kuna vipimo?

Mchimwaga

Vipo. Vile vinavyotumika sana vinaweka wastani kwenye 100, na wengi hutaja 130 kama mstari wa kipaji, ambao hufikiwa na watu wawili hivi kati ya mia. Matatizo ni matatu. Mtoto wa miaka minne leo anakupa namba hii, akiwa na usingizi au amekasirika kesho anakupa nyingine. Chini ya miaka sita namba hizo hazitulii. Pili, vimesanifiwa kwa watoto wa nchi nyingine na lugha nyingine, ukitafsiri swali umeshalibadilisha. Tatu, hata huko vilikotoka vinapitwa. Lewis Terman alianza mwaka 1921 kule California kukusanya watoto wenye IQ ya juu, akapata zaidi ya elfu moja na mia tano, yeye na waliomfuata wakawafuatilia maisha yao yote. Kuna wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa sababu namba haikutosha: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Nobeli ya fizikia, mmoja 1956 na mwingine 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata.

Kijana wa Mpwapwa

Duh. Hapo nimekaa.

Mwalimu Chaki

Turudi kwenye kurushwa darasa, maana ndilo lenye tarehe.

Binti yangu, mimi sikatazi. Mtoto aliye mbele kweli akikaa anarudia anayoyajua, anaharibika: anajifunza kwamba shule ni mahali pa kungoja. Niliwarusha kadhaa na wengi walikwenda vizuri. Lakini uliza haya kabla ya kusaini. Je, yuko mbele masomo yote au ni Kiswahili na Kiingereza tu? Mpe mtihani wa mwisho wa darasa la tatu wa hesabu sasa hivi, uone. La nne kuna upimaji wa taifa, kwa hiyo asirushwe katikati ya mwaka akakuta wenzake wamesajiliwa yeye hayumo. Hesabu pia na umri: toleo la 2023 la sera ya elimu limefanya msingi kuwa miaka sita, kwa hiyo ukimrusha anaingia sekondari na miaka kumi na moja, na ikiwa ni bweni, fikiria mtoto wa miaka kumi na moja na wasichana wa miaka kumi na sita bweni moja.

Na la mwisho, ambalo walimu wakuu husahau: yeye mwenyewe anataka? Wasichana wengine wakiona kuwa mbele kunawagharimu marafiki wanajificha. Nilikuwa naona karatasi za binti mmoja Kondoa, anafuta jibu sahihi makusudi ili asimpite rafiki yake. Kufutwa kwenyewe kulionekana kwenye karatasi.

Kijana wa Mpwapwa

Na VETA? Hakuna aliyenijibu.

Baba Wanne

Tatizo si VETA. Tatizo ni kuitaja kama adhabu ya aliyeshindwa. Sera hiyo hiyo mpya imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, mtoto wa mikono anaweza kwenda mbele bila kuonekana amefeli. Lakini huyu ana miaka sita, ndugu yangu. Fundi gani mzuri asiyesoma mchoro? Bado anahitaji herufi, ila mfuate kupitia anachokipenda. Mwambie achore gari lake kabla hajaliunda, aandike majina ya sehemu zake. Tairi. Usukani. Ekseli. Ataandika.

BintiKisasa

Nimerudi wakuu, samahani nilikuwa kimya, ofisini tulikuwa na wageni.

Nimefanya kile cha Mchimwaga, cha kitu kipya. Jumamosi niliwawekea wote watatu udongo wa kichuguu, waya na vijiti pale uani, nikawaambia watengeneze daraja linaloweza kubeba tofali. Sikusema zaidi. Nikakaa na mchicha wangu nachambua.

Wa kati hakugusa kitu kwa muda mrefu, mpaka nikataka kumsukuma. Alikuwa anatazama tofali. Kisha akalinyanyua, akalirudisha, akaanza na miguu ya daraja. Akavunja mara mbili bila kulalamika. La tatu likabeba tofali.

Wa mwisho alitengeneza watu wa udongo ambao wangepita darajani, kila mmoja na sauti yake, Chausiku akiwa msimamizi wa mradi. Daraja lenyewe hakuna.

Profesa sasa. Alianza vizuri, ameshasoma mahali habari za madaraja, akatueleza yote. Lake lilipoanguka mara ya kwanza alikaa kimya. Akasema udongo ni mbaya. Kisha akasema mchezo ni wa kitoto, akaingia ndani kusoma. Usiku akaniuliza, "Mama, nikirushwa darasa halafu nikawa wa ishirini?"

Sijajibu bado shule.

Nesi wa Zamu

Hilo swali la usiku ndilo la kujibu kabla ya shule. Masikio ya kijana je?

BintiKisasa

Nimepewa siku ya kliniki, wiki ijayo. Ila nilijaribu kidogo mwenyewe: nikiwa nyuma yake upande wa kushoto nikimwita kwa sauti ya chini hageuki. Upande wa kulia anageuka. Inaweza kuwa alikuwa amezama kwenye waya zake, sijui.

Nesi wa Zamu

Usijipe jibu, wala usichokonoe na pamba. Wakati unasubiri, mwombe mwalimu amkalishe mbele, sikio la kulia lielekee ubaoni. Hilo halihitaji cheti.

Mwalimu Chaki

Na huyo mkubwa, mtoto asiyewahi kushindwa akianguka mara moja anadhani ameisha. Msifu alivyohangaika na kitu, usisifu akili. Kuna utafiti wa 1998 wa Mueller na Dweck unaoonyesha watoto wanaosifiwa akili hukimbia maswali magumu baadaye, wanaosifiwa juhudi huyatafuta. Mimi nilijua hivyo kabla sijausoma, kila mwalimu wa la kwanza anajua. Mtafutie kitu asichokiweza na asichopewa alama: bao. Mchezeshe bao na babu wa jirani. Atafungwa mwezi mzima, na babu hatamwonea huruma.

Kuhusu kurushwa, waombe aingie la nne kwa hesabu tu muhula mmoja, masomo mengine abaki na wenzake. Mwalimu mkuu atasema ratiba hairuhusu. Mwambie vipindi vya hesabu viko asubuhi madarasa yote mawili, akatazame ratiba yake tena.

Kijana wa Mpwapwa

BintiKisasa mimi nina pasi ya umeme imekufa tangu Krismasi. Nikiileta Kisasa, huyo kijana anatoza kiasi gani?

BintiKisasa

Anatoza waya. Ila uing'oe plagi kwanza kabla hujaileta, huyu haulizi.